SOMO LETU: GAVANA AKIPOTEZA IMANI YA WATU



Katika mazungumzo ya saa ya chakula, kiwandani au shambani, mara nyingi husikika maneno kama haya: "Mkubwa yule hapendwi tena. Uchaguzi ujao anaondoka." Redio nayo hutangaza kwamba kiongozi fulani anakubaliwa na watu 33 tu katika kila watu 100. Msikilizaji hufurahi, akarudi kazini akidhani kwamba kazi imekwisha fanyika.

Somo hili linahusu furaha hiyo ya mapema. Tutajiuliza maswali mawili. La kwanza: kiongozi akichukiwa na watu, je, ni lazima ashindwe katika uchaguzi? La pili: akishindwa, je, yale aliyowaondolea wafanyakazi hurudi yenyewe?

Mfano wetu ni Matt Bevin, aliyekuwa gavana wa jimbo la Kentucky, Marekani, tangu Desemba 2015 hadi Desemba 2019. Tumemchagua kwa sababu ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wafanyakazi, hasa walimu, na kwa sababu hesabu za kura zake zinajulikana hadi kura ya mwisho. Karibu na mwisho tutamlinganisha na gavana mwingine, Scott Walker wa jimbo la Wisconsin. Katibu wa tawi anaweza kusoma somo hili kwa sauti, mafungu mawili au matatu kila kikao, kisha wanachama wajadili maswali yaliyo mwishoni.

1. GAVANA NI NANI?

Neno "gavana" halina maana moja kila mahali. Wakati wa ukoloni gavana alikuwa mtu aliyeletwa na serikali ya kigeni ili atutawale, wala hapakuwa na kura ya kumweka wala ya kumwondoa. Siku hizi, katika Tanzania, mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Katika Kongo gavana wa jimbo huchaguliwa na wajumbe wa bunge la jimbo. Katika Kenya, tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ulioanzisha serikali za kaunti, kila kaunti kati ya 47 huchagua gavana wake kwa kura za wananchi.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Gavana wa Kentucky huchaguliwa na wananchi kwa miaka minne, na anaweza kushika vipindi viwili mfululizo. Yeye ndiye mkuu wa watumishi wote wa serikali ya jimbo. Hupeleka bungeni makadirio ya fedha. Hutia sahihi sheria, au hukataa kutia. Fedha nyingi za shule na za pensheni ya walimu hupitia serikalini mwake. Kwa hiyo mwalimu, mfanyakazi wa ofisi ya jimbo na askari polisi wa Kentucky wote wana jambo lao kwa gavana, kama vile sisi tulivyo na jambo letu kwa mwajiri.

2. MAONI YA WATU HUPIMWAJE?

Wenzetu wa mashamba ya chai watalielewa jambo hili upesi. Majani yakifika kwenye banda la kupimia, mkaguzi hachambui kila jani lililo kikapuni. Huchota konzi moja, akahesabu mangapi ni majani mawili na chipukizi, na mangapi ni magumu. Kisha hukihukumu kikapu kizima kwa konzi ile. Akichota juu tu, mahali ambapo mchumaji amepanga majani mazuri, atadanganyika. Akichota juu, katikati na chini, hukumu yake itakaribia ukweli.

Kupima maoni ya watu ni kazi ya namna hiyo. Wapimaji huchagua watu wachache kwa kubahatisha, tuseme 1,000, kutoka mjini na vijijini, wanawake na wanaume, vijana na wazee. Huwauliza: "Je, unaikubali kazi ya gavana au huikubali?" Majibu huhesabiwa katika kila 100. Ikiwa watu wamechaguliwa vizuri, jibu la watu 1,000 huwa karibu na jibu la jimbo zima, lakini laweza kupotoka kwa watu kama 3 hivi katika kila 100, juu au chini. Kwa hiyo ukisikia kwamba mmoja ana 48 na mwenzake ana 46, usiseme kwamba wa kwanza anaongoza. Kipimo chenyewe hakiwezi kuona tofauti ndogo hivyo.

Kila tunaposikia hesabu za namna hii, yafaa tuulize mambo manne. Nani aliuliza, na nani alilipa gharama? Waliulizwa watu wangapi, na wa wapi? Waliulizwa lini? Na swali lenyewe lilikuwa nini? Jambo hili la nne ndilo husahauliwa zaidi. Swali "Je, unaikubali kazi yake?" si sawa na swali "Je, utampigia nani kura?" Mtu aweza kumchukia msimamizi wake, na bado akamtaka yeye kuliko mgeni asiyemjua. Tushike jambo hilo, maana ndilo kiini cha habari ya Kentucky.

3. UGOMVI ULIVYOANZA

Kentucky ni jimbo la makaa ya mawe, tumbaku, farasi na viwanda vya magari, lenye watu wapatao milioni nne na nusu. Bevin, mfanyabiashara wa chama cha Republican, alichaguliwa Novemba 2015. Mwaka uliofuata chama chake kilipata wingi katika baraza la wawakilishi la jimbo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 95. Tangu hapo gavana na bunge walikuwa wa chama kimoja, na kazi ilianza mara moja.

Januari 2017, katika wiki ya kwanza ya kikao, zilipitishwa sheria mbili zilizowagusa wafanyakazi. Ya kwanza iliitwa sheria ya "haki ya kufanya kazi". Jina ni zuri, lakini tutazame maana yake. Katika Marekani, chama kikishinda haki ya kuwasemea wafanyakazi wa mahali fulani, mkataba wa pamoja huwahusu wote, mwanachama na asiye mwanachama. Sheria hii inakataza mkataba kumtaka kila anayefaidika achangie gharama. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kupata nyongeza ya mshahara iliyopiganiwa na chama, na akatetewa na chama anapoonewa, bila kutoa hata senti moja. Kentucky ilikuwa jimbo la 27 kuwa na sheria hiyo. Sheria ya pili ilifuta kiwango maalumu cha mshahara kilichowalinda wafanyakazi wa ujenzi katika kazi za serikali.

Yafaa tuangalie kwamba mwaka huo gavana hakuanguka. Wafanyakazi wa viwandani na wa ujenzi walilalamika, lakini watu wengine wengi waliona kwamba hilo ni jambo la vyama tu, haliwahusu.

4. MUSWADA WA MAJI MACHAFU

Moto uliwaka ulipofika kwa walimu. Mwalimu wa Kentucky hayumo katika mfuko wa malipo ya uzeeni wa taifa, ambao wafanyakazi wengi wa Marekani wanautegemea. Pensheni ya jimbo ndiyo uzee wake. Na mifuko ya pensheni ya Kentucky ilikuwa miongoni mwa ile yenye upungufu mkubwa kabisa katika Marekani nzima, kwa sababu kwa miaka mingi serikali zilizotangulia zilikuwa hazilipi sehemu yao yote. Tuseme kweli: upungufu huo haukuanzishwa na Bevin, na serikali yake iliingiza fedha nyingi katika mifuko hiyo. Ugomvi ulikuwa juu ya nani abebe mzigo, na namna alivyobebeshwa.

Tarehe 29 Machi 2018 bunge lilichukua muswada mfupi wa habari za maji machafu, likatoa maneno yote yaliyokuwamo, likaweka ndani yake mabadiliko ya pensheni yenye kurasa karibu 300. Kwa saa chache tu muswada ulipitishwa na mabaraza yote mawili. Wajumbe wengi hawakuwa na nafasi hata ya kuusoma. Walimu wapya wangeondolewa katika pensheni ya kawaida, ile yenye malipo yanayojulikana tangu mwanzo, na kuwekwa katika mpango mwingine. Walimu waliokuwapo nao walipunguziwa namna ya kuhesabiwa siku zao za ugonjwa wanapostaafu.

Kesho yake walimu wengi walipiga simu shuleni kusema kwamba wanaumwa. Jumatatu, tarehe 2 Aprili, shule za wilaya zote 120 zilikuwa zimefungwa, nyingine kwa sababu ya likizo, na maelfu ya walimu walijaa mbele ya bunge katika mji wa Frankfort. Walikuwa wamewaona wenzao wa jimbo jirani la West Virginia, waliogoma mwezi Februari na Machi mwaka huo huo wakapata nyongeza ya asilimia 5.

Gavana alitia sahihi. Kisha aliongeza kosa la ulimi. Aliwaita walimu wenye choyo. Tarehe 13 Aprili, walimu walipokusanyika tena, alisema kwamba bila shaka mahali fulani siku ile mtoto amedhulumiwa kimwili kwa sababu hakuwa shuleni na mwalimu wake. Wazazi walikasirika, hata wale ambao hawakuwa na maoni yoyote juu ya pensheni. Baraza la wawakilishi, lenye wengi wa chama chake mwenyewe, lilipitisha azimio la kulaani maneno hayo, naye akaomba radhi baada ya siku mbili. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Vita vilihamia mahakamani. Chama cha walimu, chama cha askari polisi na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andy Beshear wa chama cha Democratic, walifungua kesi. Tarehe 13 Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya Kentucky, kwa sauti moja, iliibatilisha sheria ile, kwa kuwa katiba ya jimbo inataka kila muswada usomwe mara tatu kwa siku tatu mbalimbali, na muswada wa maji machafu haukuwa muswada wa pensheni uliposomwa mwanzoni.

5. IMANI YASHUKA

Mambo mengine yaliongezeka. Julai 2018, baada ya hakimu wa serikali kuu kuzuia mpango wa gavana wa kuwataka watu wa kipato kidogo wafanye kazi ndipo wapate matibabu ya serikali, serikali yake ilikata huduma ya meno na macho kwa watu karibu 460,000, kisha ikairudisha mwezi huo huo. Mwaka 2019 idara yake ya kazi ilidai majina ya walimu waliosema wanaumwa. Agosti ilitangaza kwamba walimu 1,074 walivunja sheria, lakini kwamba hawatatozwa faini safari hiyo.

Hesabu za maoni zilifuata. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2019, kampuni ya Morning Consult, inayopima magavana wote 50, iliona kwamba watu 33 katika kila 100 wa Kentucky waliikubali kazi ya Bevin, na 52 hawakuikubali. Hakuna gavana mwingine katika nchi nzima aliyekataliwa na wengi kiasi hicho. Mei, katika uchaguzi wa ndani wa chama chake, alishinda kwa asilimia 52 tu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa madarakani.

Mtu aliyesikia hesabu hizo angesema: huyu amekwisha. Lakini Oktoba 2019, wiki tatu kabla ya uchaguzi, wapimaji wengine, Mason-Dixon, waliuliza lile swali la pili: "Utampigia nani kura?" Jibu lilikuwa 46 kwa Bevin na 46 kwa mpinzani wake, Beshear. Walikuwa sawasawa.

Watu wale wasiomkubali walikwenda wapi? Wengi walikuwa watu wa chama chake. Kentucky ilimpa Donald Trump kura 62 na zaidi katika kila 100 mwaka 2016. Mpiga kura wa namna hiyo aliweza kumkasirikia Bevin mwezi Machi, akajibu hivyo kwenye simu, na bado mwezi Novemba akarudi kwenye chama chake. Naye Trump mwenyewe alikwenda Lexington usiku wa kuamkia uchaguzi, ili kuwakumbusha watu chama chao.

6. HESABU YA KURA

Uchaguzi ulifanyika tarehe 5 Novemba 2019. Beshear alipata kura 709,890. Bevin alipata 704,754. Tofauti ni kura 5,136 katika kura zaidi ya milioni moja na laki nne.

Tugawanye hesabu hiyo ili tuielewe. Wilaya ni 120. Tofauti ni kura 43 hivi kwa kila wilaya. Watu 22 tu katika kila wilaya wangebadili karatasi zao, gavana "aliyechukiwa kuliko wote" angebaki kitini miaka mingine minne. Watu 22 ni kikosi kimoja cha wachumaji, au watu wa mstari mmoja wa mashine.

Sasa tulinganishe na uchaguzi wa mwaka 2015. Wakati ule Bevin alishinda kwa kura kama 511,000, na mpinzani wake wa siku zile alipata kama 427,000. Tazameni vizuri: mwaka 2019, baada ya ugomvi wote ule, Bevin aliongeza kura zaidi ya 190,000. Kuchukiwa hakukumpunguzia hata kura moja ya jumla yake. Kilichomwangusha ni kwamba upande wa pili uliongeza zaidi, kura kama 283,000. Mwaka 2015 walipiga kura watu 30 na kidogo katika kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2019 walikuwa 42 hivi.

Kura hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Walimu wapo katika kila wilaya, na kila kijiji kinawajua. Tangu Mei 2018 walianza kugombea viti wenyewe. Mwalimu mmoja wa hesabu alimwangusha kiongozi wa walio wengi katika baraza la wawakilishi, Jonathan Shell, katika uchaguzi wa ndani wa chama cha Republican. Beshear naye alimchukua mwalimu, Jacqueline Coleman, awe naibu wake. Watu waliandikisha wenzao, waliwatembelea majumbani, na siku ya kura waliwakumbusha. Hasira ya watu ni kama mvuke wa mashine: ukiachwa uende hewani, hausukumi gurudumu. Hapana budi upitishwe katika bomba.

7. WISCONSIN: HASIRA ILIYOSHINDWA

Mtu asiyeamini na atazame Wisconsin. Februari 2011 gavana Scott Walker alileta muswada uliowanyang'anya watumishi wengi wa serikali, wakiwamo walimu, sehemu kubwa ya haki ya kujadiliana mikataba. Chama kingejadili mshahara wa msingi tu, tena usizidi kupanda kwa bei. Ada ya chama isingekatwa tena kwenye mishahara. Kila mwaka chama kingepaswa kupigiwa kura upya ili kiendelee kutambuliwa. Polisi na wazima moto waliachwa nje ya sheria hiyo, na hivyo wafanyakazi wakagawanywa. Watu kwa makumi ya maelfu walilizunguka bunge la Madison kwa wiki nyingi, hata ndani ya jengo lenyewe walilala.

Sheria ilipita. Wananchi wakatumia haki iliyomo katika katiba ya jimbo lao, ya kuitisha uchaguzi wa kumwondoa gavana kabla ya muda wake. Sahihi zilizotakiwa zilikuwa kama 540,000. Zilizokubaliwa zilizidi 900,000. Nani angedhani kwamba mtu aliyekataliwa kwa sahihi 900,000 angeweza kupona?

Alipona. Tarehe 5 Juni 2012 Walker alipata asilimia 53, na mpinzani wake, Tom Barrett, asilimia 46. Sababu zilikuwa kadhaa. Walker alikuwa na fedha nyingi mara nyingi kuliko mpinzani wake. Vyama vikubwa vya wafanyakazi vilimtaka mgombea mwingine, Kathleen Falk, na mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe mgombea huyo alishindwa na Barrett katika uchaguzi wa ndani. Watu wengi walioulizwa walipotoka kupiga kura walisema kwamba gavana asiondolewe kabla ya muda ila kwa kosa la uhalifu au la utumishi. Na jambo la kutuuma sisi: katika nyumba zenye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, watu 38 katika kila 100 walimpigia Walker.

Walker alishinda tena mwaka 2014. Mwaka 2015 alitia sahihi sheria ya "haki ya kufanya kazi", akajaribu kugombea urais akaacha baada ya miezi miwili, na imani ya watu kwake ikashuka chini ya 40 katika kila 100. Ni mwaka 2018 tu aliposhindwa na Tony Evers, mwalimu wa zamani, kwa kura kama 29,000. Kati ya hasira ya mwaka 2011 na kushindwa huko ilipita miaka saba. Katika miaka hiyo, wafanyakazi wa Wisconsin waliokuwa wanachama wa vyama walipungua kutoka 14 hivi katika kila 100 hadi 8 hivi.

8. BAADA YA USHINDI

Turudi Kentucky, tujibu swali la pili. Beshear aliapishwa tarehe 10 Desemba 2019. Siku hiyo hiyo aliwabadilisha wajumbe wote wa bodi ya elimu ya jimbo. Alifuta mpango wa kuwataka watu wa kipato kidogo wafanye kazi ndipo watibiwe. Hayo yalikuwa mikononi mwake, naye aliyatimiza.

Lakini usiku ule ule wa ushindi, nafasi nyingine zote tano zilizogombewa katika jimbo zima zilikwenda kwa chama cha Republican. Bunge nalo lilibaki mikononi mwa chama hicho, na mwaka 2020 kilipata viti 75 kati ya 100 vya baraza la wawakilishi. Katika Kentucky gavana akikataa kutia sahihi, bunge linaweza kumpita kwa kura za zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kila baraza. Kwa hiyo kukataa kwake ni ukuta mfupi.

Machi 2021 bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka walimu wote walioajiriwa tangu Januari 2022 katika pensheni ya namna nyingine. Beshear alikataa, na bunge likampita. Safari hii muswada haukufichwa ndani ya maji machafu, bali ulipita mlangoni mchana. Yale yaliyozuiwa mwaka 2018 kwa sababu ya njia mbaya, sehemu yake ilirudi kwa njia halali. Machi 2023 ilipitishwa sheria ya kukataza ada za vyama vya walimu na watumishi wengi wa serikali zisikatwe kwenye mishahara. Beshear alikataa tena, akapitwa tena. Na ile sheria ya Januari 2017 ya "haki ya kufanya kazi" haikufutwa.

Mwaka huo wa 2023 Beshear mwenyewe alichaguliwa tena kwa asilimia 52 na nusu. Watu walimpenda gavana, na wakati huo huo walichagua bunge linalomfunga mikono. Huko Wisconsin pia, sheria ya mwaka 2011 haikuondoka pamoja na Walker. Desemba 2024 hakimu wa wilaya alitangaza kwamba sehemu yake kubwa ni batili, na rufaa ikakatwa.

9. MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, hesabu ya maoni ni kipimajoto. Kipimajoto chaonyesha kwamba mgonjwa ana homa, lakini hakimtibu wala hakimwui.

Pili, kiongozi haangushwi na wale wasiomtaka. Huangushwa na wale wasiomtaka ambao wameandikishwa, wamefika kituoni, na wamekubaliana juu ya mtu mmoja wa kumpa kura.

Tatu, jambo linalowaumiza wafanyakazi wa aina moja peke yao halimtishi mtawala. Sheria ya mwaka 2017 iliwauma watu wa viwanda na ujenzi, na gavana akalala usingizi. Walimu walipoungana na wazazi na polisi, hakulala tena. Laiti wale wa kwanza wangesaidiwa mapema.

Nne, mtu mmoja akiondoka, sheria hubaki. Anayetaka haki yake irudi hana budi kutazama bunge, mahakama na mkataba, si kiti cha mkubwa peke yake. Vivyo hivyo kiwandani: meneja mbaya akihamishwa twashangilia, lakini kama mkataba ni ule ule, meneja mpya ataikuta kalamu ya mwenzake mezani.

Tano, mwanachama hai wa kila siku ndiye akiba yetu. Chama kisichokusanya ada, kisichofanya mikutano, kisichojua wanachama wake ni wangapi katika kila kikosi, hakiwezi kuwapata watu 22 wakati wanapotakiwa.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini Bevin alipata kura nyingi zaidi mwaka 2019 kuliko mwaka 2015, na bado akashindwa?

2. Eleza tofauti kati ya swali "Unaikubali kazi yake?" na swali "Utampigia nani kura?" Toa mfano kutoka mahali pako pa kazi.

3. Ukisikia redioni kwamba kiongozi anakubaliwa na watu 40 katika kila 100, ni mambo gani manne utakayouliza?

4. Huko Wisconsin polisi na wazima moto waliachwa nje ya sheria. Je, mahali petu waajiri hutugawanya kwa njia gani: vibarua na wa kudumu, ofisini na mashineni, wenyeji na wageni?

5. Ikiwa mwajiri atakataa kesho kukata ada ya chama kwenye mishahara, tawi letu litakusanyaje ada hiyo? Andikeni mpango wenu, mtu kwa mtu, kikosi kwa kikosi, muuweke kwa katibu.

Swali hili la tano tunaomba lisiachwe. Matawi mengi hulijibu siku mwajiri alipokwisha kukataa, na siku hiyo huwa wamechelewa.

Umoja ndio nguvu yetu.